MJADALA: Habari ya mtandaoni ikikosewa, mhariri ana haki ya kuirekebisha kimyakimya?

Mleta mada: Gazeti likishatoka kiwandani halifutiki. Likikosea, linaomba radhi toleo lijalo. Tovuti inabadili jina la mtuhumiwa saa nne asubuhi, na aliyesoma saa mbili anabaki na uongo kichwani. Msimamo wangu: kosa linalogusa jina, idadi, cheo au tuhuma liwekewe tamko la rekebisho. Wanaopinga karibuni.

Kalamu Nyekundu: Mkuu, usiyapambe sana magazeti. Kosa linakaa ukurasa wa mbele kwa herufi nene, radhi inafichwa kwenye kisanduku ukurasa wa ndani. Tena hiyo ni pale mlalamikaji alipobisha hodi ofisini au alipokwenda Baraza la Habari (MCT). Na aliyenunua jana si lazima anunue kesho. Mtandaoni rekebisho linaweza kukaa palepale kosa lilipokuwa, jambo ambalo gazeti haliwezi kabisa.

Haraka nayo haikuanza na intaneti. Novemba 3, 1948 gazeti la Marekani, Chicago Tribune, lilitangaza kuwa Dewey amemshinda Truman kwenye uchaguzi wa urais, kumbe Truman ndiye aliyeshinda, kwa sababu mgomo wa wachapaji ulilazimisha kurasa zifungwe mapema, kura zikiwa bado zinahesabiwa.

Dawati la Usiku: Tofauti iko kwenye idadi ya macho. Habari ya gazeti hupita kwa mwandishi, mhariri wa dawati, msanifu, msomaprufu, kisha anayefunga ukurasa. Kwenye chumba kidogo cha habari mtandaoni, aliyeandika ndiye huyohuyo anayerusha. Makosa yatakuwepo, kwa hiyo tuulizane yanarekebishwaje, maana kugusa tovuti peke yake hakutoshi.

Tamko liseme kosa lilikuwa nini, sahihi ni nini, na limerekebishwa saa ngapi. "Habari hii imehuishwa" haimwambii msomaji kitu. Kisha angalia linki: mifumo mingi huitengeneza kutokana na kichwa cha kwanza, hivyo jina lililokosewa hubaki humo hata kichwa kikibadilishwa. Ukiibadili bila kuelekeza ya zamani kwenye mpya, waliotumiwa wanakuta ukurasa haupo. Facebook nayo huweza kuendelea kuonyesha kichwa na picha vya zamani mpaka uilazimishe isome ukurasa upya. Instagram, kapsheni inaharirika, lakini maandishi yaliyo ndani ya picha hayagusiki. Toa kadi mpya ya picha inayotaja kosa. Arifa iliyokwishasomwa kwenye simu hairudi, tuma ya pili. YouTube ndiyo ngumu zaidi: unaweza kukata kipande, ila huwezi kuweka video nyingine kwenye linki ileile. Kupakia upya ni kuanza kuhesabu watazamaji kutoka sifuri, na hapo ndipo wengi wanapoamua kuliacha kosa.

Msomaprufu: Sasa hata koma ikikosewa tuandike tamko? Msomaji atachoka.

Dawati la Usiku: Tahajia rekebisha, endelea na kazi. Kipimo ni hiki: aliyesoma toleo la kwanza ameondoka akiamini jambo la uongo? Kama ndiyo, tamko.

Wakili wa Mtaani: Kisheria, kufuta hakufuti kashfa. Iliyosomwa imeshasomwa, na skrini shoti huletwa kama ushahidi. Lakini muelewe hofu ya wahariri. Hapa Tanzania gazeti lina leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Maudhui ya mtandaoni yako chini ya mdhibiti wa mawasiliano, TCRA, kwa kanuni za 2018 na kisha za 2020. Oktoba 2024 TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa sababu ya video ya katuni, huku magazeti ya kampuni hiyohiyo yakiendelea kuuzwa mitaani. Mhariri anayeona hivyo huogopa kwamba tamko la rekebisho litasomwa kama kukiri kosa. Anaona bora afute.

Mleta mada: Basi mdhibiti naye abanwe. Aliyerekebisha waziwazi ndani ya saa chache asiadhibiwe sawa na aliyefuta.

Kalamu Nyekundu: Hapo utawapa wahariri mwanya wa kurusha kwanza na kuomba radhi baadaye, makusudi kabisa, kwa ajili ya watazamaji. Nitaikubali nafuu hiyo kwa sharti moja: anayerudia kosa la aina ileile asipewe.