Pinyin yenye alama za toni kwenye AZERTY: mnatumia njia gani?

Mwana Kampemba
Jambo wandugu. Ninatayarisha karatasi za maneno ya pinyin (Kichina kwa herufi za Kilatini, alama juu ya irabu zikionyesha toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti) kwa vijana wa hapa Lubumbashi wanaojifunza Kichina, wapate kazi ya ukalimani migodini. Nina Windows na kibodi ya AZERTY: é, è, à na ù zipo, ila ā na ǎ hazipo kabisa. Kuziacha siwezi. Mǎi ni kununua, mài ni kuuza. Mkalimani akizichanganya mbele ya mzigo wa shaba, itakuwaje?

Fundi wa Katuba
Tumia misimbo ya Yunikodi, yaani namba ya kila herufi kwenye kompyuta, huna haja ya kuweka programu. Kwenye Word ya Kiingereza andika 01CE, bonyeza Alt na X: unapata ǎ. 0101 inatoa ā. Ila ukitaka dǎ, Word huidhani d nayo ni ya msimbo. Chagua kwanza zile alama nne, ndipo ubonyeze.

Yaya Mwalimu
Fundi, hiyo inafaa maneno mawili matatu. Karatasi nzima ni mateso! Mimi niliandika toni kwa namba muda mrefu, ma1, ma3, kisha nageuza mtandaoni. Uzuri wake, kigeuzi kinajua pa kuweka alama: a au e ikiwepo, inachukua yenyewe (hǎo, xiè), ou, ni juu ya o (gǒu), kwingine, irabu ya mwisho (guì, liù). Wafundishe vijana kanuni hiyo hata kama hawagusi kompyuta. Lakini AZERTY inadai Shift kwa kila namba, na mega za intaneti zikiisha kazi inalala.

Sasa niko na programu ya WinCompose. Ukishaiweka haiombi intaneti, na inafanya kazi karibu ndani ya programu yoyote. Unabonyeza kitufe chake, kisha c, kisha a: ǎ. Kitufe, _, a: ā. Kitufe, ', a: á. Na hizo _ na ' kwenye AZERTY hazihitaji Shift. Jambo moja: yenyewe huchukua Alt ya kulia, ambayo sisi tunaihitaji kwa @. Ihamishie Ctrl ya kulia.

Wa Kamalondo
Naunga mkono Yaya. Zaidi, msitumie ă ya mviringo mahali pa ǎ yenye pembe. Zinafanana kwa macho, lakini ni herufi mbili tofauti; ukitafuta neno ndani ya faili hulioni. Karatasi nyingi ninazopewa zina kosa hilo.

Mwana Kampemba
Aksanti sana Yaya, nimeiweka jana usiku kabla umeme haujakatika. Nǐ hǎo imetoka vizuri. Nǚ je, yenye nukta na toni pamoja?

Yaya Mwalimu
Hiyo naikopi. Nina faili dogo lenye ǖ ǘ ǚ ǜ tu, nalifungua pembeni. Maneno yake si mengi.