Besi ya Newsted: ...And Justice for All imiksiwe upya au iachwe ilivyo?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Kila ukitajwa ubora wa sauti kwenye albamu za Metallica, bendi ya metali ya Marekani, watu hutia tatu kwenye kapu moja: ...And Justice for All ya 1988, St. Anger ya 2003 na Death Magnetic ya 2008. Zote zinaambiwa mbovu, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi naona kila moja ina ugonjwa wake, na inayotibika vizuri kuliko zote ni Justice. Bendi ingepaswa kuimiksi upya, yaani kupanga tena kiwango cha sauti ya kila ala.

Kwenye St. Anger tatizo limo ndani ya ngoma yenyewe. Mpiga ngoma Lars Ulrich alipiga snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya kwa chini, nyaya hizo zikiwa zimeachiwa, ikawa inalia kama sufuria, na mlio huo ukaingia hivyohivyo kwenye rekodi. Kuuondoa ni kupiga ngoma upya. Death Magnetic yenyewe ilirekodiwa vizuri, ila sauti ilibanwa kupita kiasi, yaani sauti ndogo na kubwa zikasogezwa kiwango kimoja, ili albamu itoke na kishindo. Ted Jensen, aliyefanya mastarin (ule umaliziaji wa mwisho baada ya miksi), alisema miksi zilimfikia zikiwa zimeshabanwa. Nyimbo hizohizo ziliposikika kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero bila ule mbano, ngoma zilikuwa na nafasi ya kupumua, na maelfu ya mashabiki wakatia saini kudai albamu irekebishwe.

Sasa tuje kwenye Justice, maana hapa ndipo roho yangu inapouma. Flemming Rasmussen ndiye aliyerekodi Master of Puppets kule Copenhagen, iliyotoka 1986, na ndiye aliyekuwa prodyuza wa Justice kule Los Angeles. Waliobadilika ni wamiksi: Master ilimiksiwa na Michael Wagener, Justice na Steve Thompson pamoja na Michael Barbiero. Kwenye Master unaweza kuifuata besi ya Cliff Burton kama nyayo kwenye mchanga wa pwani maji yakishatoka. Burton alifariki Septemba 1986 katika ajali ya basi huko Sweden, akaja Jason Newsted kushika besi, na kwenye Justice, albamu yake kamili ya kwanza na bendi hiyo, besi karibu haipo. Vaa hedifoni nzuri utulie. Utasikia gitaa, ngoma, sauti ya mwimbaji James Hetfield, na chini pakavu kabisa. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi, ambao sikio letu hutafuta besi kabla ya kitu kingine, pengo hilo tunalisikia mapema sana.

Thompson amesimulia hadharani kwamba Ulrich ndiye aliyeagiza besi ishushwe. Kilichoshushwa kipo, na kinaweza kupandishwa. Mnasemaje?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, umepanga hoja vizuri, lakini umeruka jambo moja. Newsted mwenyewe ameeleza kwamba alirekodi sehemu zake prodyuza akiwa hayupo, na kwamba alikuwa anafuata gitaa nota kwa nota, kama alivyozoea kwenye bendi yake ya zamani. Besi inayokwenda sambamba na gitaa zilizorekodiwa nene vile inamezwa. Ukipandisha kitelezi cha besi kwenye meza ya kumiksi utapata ngurumo tu, na ule ukali wa gitaa unaokata kama wembe utapotea.

Tena 2018 walitoa toleo jipya lililofanyiwa mastarin upya, na besi wakaiacha palepale. Walikuwa na nafasi, wakachagua. Ukavu ule ndio albamu yenyewe: muziki wa watu waliofiwa na mwenzao, hata kama hawakukusudia.

MCHANGIAJI WA PILI

Naungana na mleta mada. Mashabiki wamejaribu wenyewe kuiongezea besi, na mimi nimesikiliza. Haikuwa kazi ya studio kubwa, lakini nyimbo zilipata uzito na ukali ulibaki. Kama fundi wa nyumbani anafika hapo, wenye tepu halisi watafika mbali zaidi.

MLETA MADA

Kaka, hoja ya nota kwa nota ni nzito na sitaipita pembeni. Ni kweli Newsted wa 1988 si yule wa 1991. Kwenye ile albamu ya 1991 iitwayo Metallica, maarufu kama albamu nyeusi, prodyuza Bob Rock aliwataka wapige pamoja studioni, besi ikaanza kufuata ngoma badala ya gitaa, na albamu ikamiksiwa mara tatu mpaka ikakaa. Sitegemei Justice isikike hivyo. Ila besi inayofuata gitaa bado ina kazi yake: inalipatia gitaa uzito wa chini ambao gitaa peke yake haliwezi kuutoa. Master ina gitaa nene pia, na Burton hakumezwa.

Kuhusu 2018, mastarin inagusa wimbo ukiwa umeshaunganishwa. Haiwezi kumtoa mpiga besi mmoja aliyefichwa nyuma ya wenzake. Kwa hiyo swali langu halikujibiwa mwaka ule.

Kuhusu msiba, nakuelewa, na sitaki mtu aiguse albamu ya 1988. Ibaki madukani kama ilivyo. Ninachoomba ni santuri ya pili pembeni yake, imiksiwe kutoka kwenye tepu zilezile, na Rasmussen aitwe mezani. Yeye alizisikia sehemu za Newsted kabla hazijashushwa, na amewahi kuzisifu.