Acheni kutumia is_admin() kama kufuli, mnaanika taarifa za watu!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Nimekabidhiwa tovuti ya SACCOS moja, imejengwa kwa WordPress na fundi aliyenitangulia. Ndani ya functions.php, faili la msimbo la themu, nakuta fanksheni inayopakua orodha nzima ya wanachama: majina, namba za simu, salio la kila mmoja. Ulinzi wake? Mstari mmoja: if ( is_admin() ). Baada ya hapo fundi kalala usingizi na hela ya watu mfukoni.

Jamani, is_admin() haimuangalii mtu! Inaangalia tu kama ombi limeingia kwa upande wa wp-admin, yaani eneo la usimamizi wa tovuti. Na faili la admin-ajax.php limo humohumo wp-admin, linapokea maombi hata ya mgeni asiye na akaunti. Ombi likipita pale, is_admin() inajibu ndiyo. Huyu bwana fanksheni yake ameifunga kwenye admin_init, tukio ambalo WordPress huliita eneo hilo likianza kupakiwa, na ambalo nalo linaamka kwa ombi la mgeni huyohuyo. Kwa hiyo akiba ya mama muuza mbogamboga ilikuwa wazi kwa yeyote anayejua kuunda anwani.

Kinachouliza ruhusa ni current_user_can( 'manage_options' ), yaani je mtu huyu anaruhusiwa kubadilisha mipangilio ya tovuti, au uwezo mwingine unaolingana na kazi yenyewe. Na kama ombi linabadilisha kitu, kagua nonce pia, yaani tokeni ya muda inayoonyesha ombi limetoka kwenye ukurasa wako. Nyaraka rasmi za WordPress zimeandika kwenye ukurasa uleule wa is_admin() kwamba haikagui kama mtu ni msimamizi, na kwamba utumie current_user_can(). Ukurasa mmoja tu mnashindwa kusoma?

Wengine mtajitetea kwamba majina ya tagi hizi, fanksheni za kuuliza sharti kama is_admin(), yanachanganya. Ni kweli, hata is_home() huwa haimaanishi ukurasa wa mbele ukishaweka ukurasa maalumu pale. Inahamia kwenye orodha ya makala, na wa mbele unabaki kwa is_front_page(). Lakini ukikosea hiyo, bango linatokea pasipotakiwa, mteja anapiga simu, unarekebisha. Ukikosea is_admin() hakuna anayepiga simu. Taarifa zinaondoka kimyakimya.

Kinachoniuma zaidi ni nyie mnaofundisha vijana kwenye magrupu ya WhatsApp na video, mnawapa kipande hikihiki wanakili. Futeni! Na kama umewahi kumuuzia mtu tovuti, fungua themu na plagini ulizoandika, tafuta is_admin, soma kila mstari unaoifuata. Ukikwama weka msimbo hapa, ondoa taarifa za mteja kwanza, nitausoma.