Mdogo wangu anaharisha wiki ya nne, kipimo cha choo hakioni kitu

Dada wa Kibosho: Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi na mdogo wangu wa kiume, miaka 31, anaishi na VVU. Alipokuwa machimboni Mererani aliacha dawa, amerudi nyumbani juzijuzi akaanzishwa upya. Anaharisha maji matupu, mara sita hadi nane kwa siku, suruali zote zinamvuka. Choo kimepimwa mara mbili, hakuna minyoo wala amiba. Flagyl amemaliza dozi mbili, wapi. Majirani wanasema ARV zimemkataa, aache. Nifanyeje jamani?

Mpita Njia: Pole sana dada. Dawa asiache, nakuomba.

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu. Kipimo cha kawaida hutafuta mayai ya minyoo, amiba na giadia. CD4, yaani seli za kinga ya mwili, zikishuka chini ya 200 kuna vijidudu wengine wa kuwafikiria: kriptosporidiamu na isospora. Hao mara nyingi hawaonekani mpaka choo kipakwe rangi maalumu, ya jamii ile ya makohozi ya TB. Kipimo hicho kiombe kwa jina pale CTC, kliniki anakochukulia ARV, pamoja na CD4. Wakitaka sampuli za siku tatu usikasirike, vijidudu havitoki kila siku.

Flagyl haimwezi kriptosporidiamu. Isospora hutibiwa kwa Septrin, ila dozi yake ni kubwa kuliko ile ya kinga, kwa hiyo msijiongezee vidonge nyumbani. Kriptosporidiamu tegemeo lake kubwa ni ARV zenyewe: kinga ikipanda, kuhara hukatika. Ndiyo maana maneno ya hao majirani yananiuma.

Usiku huu anywe ORS kila akitoka chooni. Macho yakizama, mkojo ukikauka, au ukiona damu, msingoje kuche.

Mfugaji: Maji mnachota wapi? Na ndama mnaye?

Dada wa Kibosho: Ya mfereji, tunatia dawa ya klorini. Ndama yupo, na mdogo wangu ndiye anayefagia banda.

Nesi Mstaafu: Klorini ya kiasi cha nyumbani haimuui kriptosporidiamu, ganda lake gumu. Chemsheni maji yatokote dakika nzima. Ndama naye huweza kuwa naye, kwa hiyo bandani mdogo wako asiingie tena, na mikono ni sabuni na maji, vitakasa mikono havimtoi.

Dada wa Kibosho: Ndama naye aliharisha wiki zilezile! Kesho saa moja asubuhi tuko CTC. Choo nichukue leo au kesho?

Nesi Mstaafu: Cha kesho asubuhi, kopo safi, mkojo usiingie.