Shule huku Japani inataka mdogo wangu alete ushahidi kwamba nywele zake ni zake

Wakuu habari zenu, naandika bado nina hasira kwahiyo mnivumilie.

Jana nilimsindikiza mdogo wangu wa kike kwenye kikao cha wanafunzi wapya, sekondari ya juu ya serikali, mkoa wa jirani na Tokyo, jina la shule nalihifadhi. Kwa msiojua, huku elimu ya lazima ni miaka 9 tu, msingi 6 na sekondari ya chini 3, baada ya hapo unafanya mtihani wa kuingia shule unayoitaka na ukikosa umekosa. Huyu mtoto alikuja huku ana miaka 10 hajui hata kuomba maji kwa Kijapani, leo ana 15 kafanya mtihani uleule wanaofanya Wajapani, karatasi zilezile, na kapita. Siku matokeo yametoka mama alilia simuni akiwa kazini.

Mama ndo alitakiwa aende lakini yuko shifti ya usiku kiwanda cha vyakula vya boksi, asubuhi anarudi hajiwezi, kwahiyo nikaenda mimi dada mtu. Na sikwenda kienyeji. Nilipiga simu shuleni siku mbili kabla, wakasema sawa njoo na barua ya mama yenye muhuri wake (huku muhuri wa mtu ndo kama sahihi), nikaja nayo. Karatasi walizotuma nilizisoma zote mara mbili na kamusi pembeni maana zimejaa kanji (zile herufi ngumu za Kijapani) za kiofisi ambazo hata mimi wa chuo zinanitoa jasho. Ndala za ndani tulibeba, mfuko wa kuwekea viatu tulibeba, hela taslimu kwenye bahasha. Na usiku wake nilimsuka, mistari ya kurudi nyuma, nywele zake mwenyewe bila rasta hata moja, nimemaliza saa saba usiku, nilitaka aingie pale amependeza na awe nadhifu kuliko wote.

Mapokezi wakaniuliza mama yuko wapi, nikatoa barua, wakaisoma, wakaniuliza tena mama yuko wapi. Nikameza.

Kwenye hela sina ugomvi na mtu, ila mnaojiandaa mjue. Ada ya shule za serikali ni yen 118,800 kwa mwaka na kuna ruzuku ya serikali inayoilipa, ila lazima uiombe, haiji yenyewe. Kiingilio yen 5,650 unatoa mfukoni. Vitabu, ambavyo hadi sekondari ya chini ni bure, hapa unanunua. Koti na sketi za shule, nguo za michezo, viatu vya ndani, tableti, vyote juu yako na vingi vinapimwa na kuagizwa palepale. Sisi tumefika laki na arobaini na kitu, yen hizo. Mama alianza kuweka tangu mwaka jana, tukalipa.

Sasa tuko kwenye foleni ya kupima koti, akaja mwalimu wa nidhamu akatutoa pembeni. Pembeni yenyewe ni hatua tatu, wazazi wote wanasikia. Akaanza kuongea na MIMI. Eti nywele za mdogo wako zimefanyiwa kazi, hapa kusuka hakuruhusiwi, ziachwe kama zilivyo. Nikamwambia kwa adabu zote mwalimu, nywele zetu zikiachwa hivyohivyo zinasimama na zinakatika, kusuka kwetu ndo kuzichana, ndo kuzitunza. Akasema basi azifunge nyuma. Nikamwambia ndo zimefungwa hizo. Akatoa fomu, ile wanaita jigeshomeisho, cheti cha nywele za asili, mzazi aandike kwamba nywele za mtoto ni za kuzaliwa nazo, apige muhuri, na tuambatanishe PICHA YA UTOTONI. Yaani mtoto mweusi wa Kitanzania alete picha ya uchanga kuthibitisha nywele zake zinajikunja!!

Kilichoniua zaidi ni kwamba muda wote anasema "mwambie mdogo wako" hivi, "mweleze mdogo wako" vile, na mtoto kasimama palepale, mtoto aliyefaulu mtihani wake wa Kijapani. Akamwambia taratibu kwa lugha ya heshima kabisa, "mwalimu, mimi naelewa." Yule mtu akatikisa kichwa, akanigeukia mimi akaendelea.

Na msiniambie ndo utamaduni wao, hata wao wenyewe wanalipigia kelele hili. Mwaka 2017 mwanafunzi wa Osaka aliishtaki serikali ya mkoa, alisema nywele zake za asili ni kahawia na shule ilikuwa inamlazimisha kuzipaka nyeusi kila mara mpaka akaacha kwenda. Hukumu ikatoka Februari 2021, alilipwa yen 330,000 kwasababu shule iliondoa dawati lake na jina lake kwenye orodha, ila sheria ya nywele yenyewe mahakama iliiacha isimame. Tokyo shule zao za serikali zilifuta sheria ya kulazimisha nywele nyeusi kuanzia Aprili 2022. Mwaka 2023 kule Himeji kijana ambaye baba yake ni Mmarekani mweusi alienda mahafali yake amesuka mistari, wakamkalisha ghorofani peke yake mbali na wenzake. Mistari kama hii niliyomsuka mimi.

Kwenye treni hakuongea neno. Usiku naamka nakuta taa ya bafuni inawaka, yuko mbele ya kioo anafumua, ameshafumua nusu ya kichwa, ananiambia dada acha tu, sitaki mama aitwe shule. Nikamshika mikono. Sikuwa na la kumwambia kwasababu kule ukumbini mimi mwenyewe nilishasema "sawa mwalimu" na fomu nikaipokea kwa mikono miwili.

Mama bado sijamwambia. Sherehe ya kuingia ni tarehe 8 mwezi wa nne na fomu inatakiwa kabla ya hapo. Wenye watoto au wadogo kwenye shule za huku, nyie mliandika nini? Kuna aliyekataa kupeleka picha na mtoto akaendelea na masomo vizuri? Na kuna aliyepeleka malalamiko bodi ya elimu ya mkoa, walimsikiliza, au mtoto ndo aliandamwa baadae? Hilo la mwisho ndo linanitisha, naomba mwenye uzoefu anijibu hata inbox.