Redio za Mbeya, "tulisimama na wananchi" kipindi cha korona? Mlisimama wapi?

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, atakayeona nimepitiliza anivumilie.

Leo asubuhi nimepanda daladala Uyole, konda kafungulia redio moja ya hapa mjini. Jina nalihifadhi, wa Mbeya mtaijua tu. Watangazaji wawili wanakumbushana enzi za korona, wanacheka cheka, mara mmoja anasema: "Sisi wanahabari tulisimama na wananchi mwanzo mwisho." Nilibaki namwangalia konda kama yeye ndiye kasema.

Haki yao niwape kwanza. Mgonjwa wa kwanza alipotangazwa 16 Machi 2020, wiki zile za mwanzo walijitahidi. Daktari studio, simu za wasikilizaji, ndoo za maji kila duka. Kabwe pale hadi wapiga debe walikuwa wanasimamia watu wanawe kabla ya kupanda gari. Kila tukisikia takwimu tunanyamaza tusikilize.

Halafu takwimu zikakata. Wagonjwa 509, vifo 21, basi. Zaidi ya mwaka mzima nchi ilibaki na 509 ile ile. Hakuna redio hata moja niliyoisikia ikiuliza, "jamani, leo wangapi?"

3 Mei tukasikia mubashara kutoka Chato Rais Magufuli akisema sampuli za papai na mbuzi zimepimwa na kukutwa na korona. Sawa, Rais kasema, ni habari, itangazeni. Lakini mliigeuza kichekesho wiki nzima, watu wanapiga simu kutania papai. Mngeshindwa nini kumtafuta hata mtu mmoja wa maabara atueleze kipimo kile kinafanyaje kazi? Kwamba kinachukua vinasaba vya kirusi na kuvikuza mara nyingi mno, kwa hiyo sampuli ikichafuliwa kidogo tu jibu linaweza kuja la uongo? Mimi hayo nilikuja kuelezwa na kijana wa jirani anayesoma chuo. Dakika mbili tu, akanieleza huku anachoma mahindi.

Sasa sikilizeni kilichonipata mimi.

Wakati ule nilikuwa napeleka viazi Zambia. Wiki ya pili ya Mei nikapakia Fuso, magunia 60 ya lumbesa kutoka Umalila, usiku tukaondoka kwenda Tunduma, mpakani na Zambia. Njia nzima redio imewaka, miziki na salamu. Kufika Tunduma alfajiri, malori yamejipanga mpaka huoni mwisho. Nikamuuliza dereva mmoja kuna nini. Akaniangalia kama mgeni wa nchi: "Kaka, wamefunga boda. Hukusikia?"

Ningesikia wapi? Upande wa pili Nakonde walikuwa wametangaza wagonjwa 76 kwa mkupuo, na Rais wao Lungu akaamuru mpaka ufungwe kuanzia 11 Mei. Wazambia wanajua. Madereva wanajua, maana wana redio za Zambia. Mimi wa Uyole, mwendo wa kama saa tatu tu kutoka pale, sijui. Zimepita siku tatu pale juani, turubai juu, viazi vya chini vikaanza kutoa maji. Mnaojua harufu ya kiazi kinachooza mnanielewa. Nikauzia madalali wa palepale kwa bei ya kutupa, na kuli nikamlipa vilevile.

Siku zote tatu hizo ile redio ya leo ilikuwa inagawa vocha kwa atakayepatia jina la msanii.

Mtanijibu "ulitaka tufungiwe?" Najua. Aprili mwaka ule TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipiga faini vyombo vya habari, wengine wakafungiwa. Julai zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, habari za mlipuko wa ugonjwa huwezi kuziweka bila kibali. Hofu naielewa, mimi mwenyewe ningeogopa, nina watoto. Aliyeogopa aseme aliogopa. Na mpaka kufungwa haikuwa siri ya serikali yetu, kaufunga Rais wa Zambia kwa mdomo wake!

Mkinyamaza nyie, wengine wanasema. Mama yangu alijaziwa simu na sauti za wasapu. Kuna moja ya mwanaume anajiita daktari, hataji hospitali, anaelekeza kupiga nyungu mara tano kwa siku. Mama ana presha. Akajifunika blanketi na sufuria la mwarobaini na mkaratusi mpaka akadondoka, bahati mdogo wangu alikuwa uani.

Baadaye, Julai 2021, chanjo zikaja, zaidi ya dozi milioni moja za Janssen, Rais Samia akachanjwa hadharani. Redio ile ile, sauti zile zile: "Mama nenda kachanje!" Nikamwambia mama twende. Akanijibu taratibu, anachambua maharage: "Mwanangu, hawa si ndio walisema korona imeisha?" Sikuwa na jibu. Ilinichukua miezi mitatu kumshawishi, na mwisho aliyemshawishi ni nesi wa kanisani kwao, siyo redio wala mimi.

Na msiseme hayo ni ya zamani. Januari mwaka 2025, ugonjwa wa Marburg kule Kagera: Shirika la Afya Duniani (WHO) likasema kuna watu wanahisiwa kuwa nao, wizara ikasema hakuna, siku chache Rais akathibitisha ipo. Habari ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zilisomwa kwa sauti ileile tamu, kisha tangazo la saruji.

Kwa hiyo ninyi mliosimama na wananchi, ombi langu ni dogo. Tafuteni rekodi zenu za kuanzia 11 hadi 14 Mei 2020, mzirushe hewani kesho asubuhi bila kukata. Mkizikosa nipigieni, niliwasikiliza nikiwa juu ya turubai Tunduma.