Kwa nini Thor alishindwa na bibi kizee?

Swali: Wanajukwaa, baada ya kutazama Valhalla, filamu ya katuni ya Denmark ya mwaka 1986, nimesoma masimulizi yaliyoizaa, na sielewi kwa nini Thor, mungu wa radi, alishindwa kuinua paka kisha akapigishwa goti na ajuza. Je, ni mzaha tu?

Jibu: Si mzaha, ndugu. Katika Edda, kitabu cha masimulizi ya miungu ya kale ya Skandinavia cha Snorri Sturluson, kilichoandikwa Iceland katika karne ya 13, yote yalikuwa kiinimacho cha jitu Utgarda-Loki, mwenyeji wa Thor: paka alikuwa nyoka aizungukaye dunia, naye ajuza Elli ni uzee wenyewe.

Jibu: Msisahau ile pembe ya kinywaji. Ncha yake ilizama baharini, hivyo Thor alipiga mafunda matatu makubwa asiimalize, ila bahari ikapwa. Kwangu, utamu uko hapo.

Muuliza swali: Ahsanteni. Kumbe jitu lile lilimwogopa!